Mba wa Mama Mkubwa

Juzi nilikuwa saluni hapa Mabwerebwere, nimeinamisha kichwa kwenye beseni, yule binti anayeniosha akafungua chupa isiyo yangu. Harufu ikanipanda puani: harufu ya lami, kama barabara mpya kwenye jua la saa saba. Shampuu ya dawa ya mba. Nikanyanyuka na povu langu, maji yananitiririka mgongoni, binti wa watu anauliza, "Dada, nimekuunguza?" Nikamwambia hapana, endelea. Lakini nilipotoka pale sikwenda nyumbani. Nilikaa kwenye benchi la fundi cherehani wa jirani nikajifanya namsubiri mtu, machozi yananitoka. Mama Mkubwa tumemzika juzijuzi tu, na nilikuwa nimeshajidanganya kwamba nimemaliza kulia. Wapi!

Aliyenilea ni yeye. Mama yangu mzazi, aliyekuwa mdogo wake, alifariki sijaanza hata kutambaa, kwa hiyo mkinisikia nasema mama, mjue ninamsema huyo huyo. Alikuwa msusi. Saluni hakuwa nayo; alikuwa na kibaraza, mkeka, kigoda, kitana cha mkia na mdomo. Wanawake wa Kilosa walimfuata kwa misuko yake mizuri ya twende kilioni, ndiyo, lakini nakwambieni wengi walikuwa wanafuata maneno. Alikuwa hamwachi mtu bila kumtania. Na akicheka, kicheko chake kilifika mpaka relini, watu wanaosubiri treni wanageuza shingo. Mimi nilikuwa mchekeshaji wake. Nilikuwa namwigiza jirani yetu mmoja anavyotembea akigombana na mumewe, makalio mbele kichwa nyuma, na Mama Mkubwa alikuwa anajifunika khanga usoni na kupiga sakafu kwa kiganja: "Nyamaza wewe mtoto, utaniua!"

Wa rika langu mtakuwa mnakumbuka kazi ya kukwangua mba. Baada ya chakula cha mchana, mtu mzima anakaa chini kwenye mkeka, mtoto anakaa nyuma yake kwenye kigoda, kichwa cha mkubwa kiko katikati ya magoti yako. Unagawa nywele mstari mmoja, unabandua mba taratibu kwa ncha ya kitana, unahamia mstari mwingine, ukimaliza unapaka mafuta. Anayekwanguliwa anasinzia kwa raha. Mimi ndiye niliyekuwa na kichwa cha Mama Mkubwa, na sikutaka mtu mwingine akiguse. Mba tuliudondoshea kwenye kipande cha gazeti, na tukimaliza gazeti linakunjwa linatupwa chooni. Uani lisitupwe kabisa. Kwa hilo alikuwa mkali. "Nywele zako, kucha zako, mba wako, hivyo ni wewe mwenyewe," alikuwa akiniambia. "Mtu akiviokota amekuokota wewe." Alisema kwa sauti ile ile ya kuniambia nisisahau chumvi, na mimi nikaliweka moyoni hivyo hivyo.

Sasa mwaka ule mba ukabadilika. Zamani ulikuwa unga mkavu, ukipuliza unaruka. Ule mpya ulikuwa vipande vipana, vya manjano kidogo, vinanata, na ngozi iliyo chini yake ni nyekundu. Nakwangua leo, kesho vimerudi. Vikashuka kwenye nyusi. Vikakaa pembeni ya pua na nyuma ya masikio. Na uso wake ukaanza kung'aa mafuta ambayo hakuyapaka mtu.

Msusi mwenye mba, jamani, nani atampa kichwa chake? Mama Mkubwa alipigana na ule mba kama mtu anayefukuza nyani shambani. Alipaka limau, akapaka mshubiri, akachemsha mwarobaini tukaoshea mpaka mto wa kulalia ukawa mchungu. Mteja mmoja akamwambia ni ukavu, ongeza mafuta. Basi tukawa tunamwaga mafuta ya nazi asubuhi na jioni, mba unakunywa na kunenepa. Mjomba Ramadhani, mdogo wake, aliyekuwa anaishi nyumba ya pili, alimletea krimu kutoka duka la dawa, halafu nyingine, halafu nyingine tena. Ukipungua wiki hii, wiki ijayo uko pale pale.

Kama ni mba peke yake nisingeogopa. Ila siku moja maharage yakaungua jikoni, moshi mweusi umejaa mpaka kwa jirani, na yeye amekaa pembeni ya jiko hana habari. "Mama Mkubwa, maharage!" Akageuka pole pole, kichwa na mabega kwa pamoja. "Sijasikia harufu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini na imenyooka, haipandi wala haishuki. Nikaanza kumtazama. Hatua zake zilikuwa zimefupika, anaburuta ndala. Mkono wa kulia haukuning'inia ukapunga kama wa watu, ulikaa ubavuni. Na akiwa amekaa kimya, hana kazi, kidole gumba cha mkono ule kilikuwa kinasugua kile cha shahada, kinasugua, kinasugua, kama anasuka unywele ambao sisi hatuuoni. Nilimwuliza anasuka nini. Akautazama mkono wake kwa muda mrefu, akaufunika kwa mtandio.

Alikuwepo binti anaitwa Siwema, mkubwa kwangu kama miaka mitano, aliyekuwa anajifunza kusuka pale kibarazani. Siku moja wateja hawakuja, na kwa kweli walikuwa wameshaanza kutokuja. Mama Mkubwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, anatazama njia, macho hayapepesi. Siwema akanivuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba yetu michache.

"Umeona mba wake?" akaniuliza.

"Mimi ndiye namkwangua."

"Acha kumkwangua. Ule si mba." Akaushika mgomba mmoja uliokatwa tangu mkungu wake uvunwe, akabandua ganda la juu. Lilitoka kipande kipana, cheupe kwa manjano, kinanata kwa chini. Akakiweka kwenye kiganja changu. "Wachawi wakimchukua mtu hawaachi nafasi wazi, ndugu wangeshtuka. Wanaweka mgomba. Ninyi mnaona mtu, mnampa chakula, mnampa shikamoo, kumbe mgomba. Mwenyewe yuko mbali huko analimishwa. Na mgomba ukishakatwa, mwishowe unanyauka. Ndiyo hivyo unabanduka."

Nilikuwa na umri wa kuamini, na zaidi ya hapo kila kitu kilikubali. Mgomba una maji ndani, unang'aa. Mgomba hausikii harufu. Mgomba hauna shingo ya kugeuza. Na kuna jambo sikumwambia Siwema: wiki chache kabla, lile gazeti la mba nililikuta uani limefunguka, tupu, hakuna hata kipande. Leo najua ni upepo au kuku. Siku ile nilijua wamemwokota.

Toka hapo nikaishi na mgomba. Ukiogopa watu wa nje, unakimbilia ndani kwa mama yako. Mimi kilichonitisha ndicho kilichokuwa kinanipakulia ugali. Kilikuwa na khanga za Mama Mkubwa, kovu lake la kisu kwenye kidole, hata kikohozi chake. Mchana kinakaa kwenye kiti cha kamba, na nikipita nahisi macho yananifuata ingawa kichwa hakisogei. Nikawa nakijibu kwa adabu sana, "Abee," "Ndiyo," maana niliona kikigundua kwamba najua, kitanifanya kitu. Kilipokaa mkekani na kuniita nikikwangue, nilikwangua huku najiuliza nikimaliza kubandua yote nitakuta nini chini yake.

Bado nilikuwa na tumaini moja. Siwema alisema mgomba unaweza kula, unaweza hata kusema, lakini hauwezi kucheka. Kwa hiyo nikaamua kumchekesha. Nilimwigiza yule jirani, makalio mbele kichwa nyuma, nikazunguka uani. Nikarudia kwa nguvu zaidi, nikaanguka makusudi. Uso ulinitazama. Haukusogeza mdomo, haukusogeza shavu, macho yamenitulia mimi tu. Nikafanya hivyo kesho yake, na kesho yake tena, kila alasiri, mpaka jasho likawa linanitoka na nalia huku naigiza. Haukucheka hata mara moja. Basi nikaacha. Nilimlilia Mama Mkubwa kule kwenye migomba, peke yangu, kilio cha msiba kabisa, wakati chakula chetu cha jioni kinapikwa na huyo ninayemlilia.

Siyo mimi tu niliyekuwa nimeona. Watu wazima walikuwa na maneno yao. Mjomba Ramadhani alikuja siku moja, akakaa kibarazani, akatoa kofia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," ikatoka ile sauti iliyonyooka.

"Dada, nimeongea na watu. Kuna mganga kule Msowero, hawa waliopotezwa anawarudisha. Lakini utakaa kwake. Atakunyoa, atakuchanja, utakaa huko mpaka urudi."

Moyo wangu ulilipuka kwa furaha, siwafichi. Nilimrukia Mjomba, nikamshika suruali. "Twende, Mjomba! Twende leo! Akamrudishe!" Mjomba akanitazama, halafu akamtazama dada yake, na nikaona kwamba na yeye anaogopa kumtazama sana.

Mama Mkubwa alitazama njia. Kidole gumba kinasugua. Kisha akasema, neno moja moja, kama mtu anayetoa sindano kwenye mkeka, "Kwanza mba. Kuna daktari wa ngozi. Mikumi. Nitibiwe mba wangu. Mengine baadaye."

"Dada, mba ndiyo shida yako kweli?"

"Mimi msusi, Ramadhani."

Wakakubaliana hivyo: Mikumi kwanza, na daktari akishindwa, Msowero. Mimi nikaomba dua kila siku daktari ashindwe. Niliona watu wazima wanapoteza muda kutibu ngozi ya mgomba, wakati mama yangu anachapwa na jua kwenye shamba la mtu.

Tulipanda basi asubuhi. Nilikaa dirishani, yeye katikati, Mjomba pembeni. Ilikuwa msimu wa palizi, na kila tulipopita shamba nilitazama migongo. Siwema alisema wanaolimishwa hawainui kichwa. Nilitazama wanawake wote walioinama njia ile, mmoja mmoja, natafuta mgongo ninaoujua, na wallahi nilikuwa nauona kila mahali. Tulipopunguza mwendo kupisha ng'ombe, kulikuwa na mwanamke mmoja karibu kabisa na barabara. Amevaa khanga nyekundu yenye maua meusi, kama moja ya zile zilizokuwa kabatini kwetu. Nywele zake zimejaa vumbi jeupe. Akasimama, akashika kiuno, akageuka kulitazama basi. Akacheka. Alikuwa anamcheka mchunga ng'ombe, labda, nani ajue. Kicheko kiliingia dirishani na kilikuwa ni chenyewe, cha Mama Mkubwa.

"Yule pale!" Nilipiga kioo kwa ngumi mbili. "Mama! Mama Mkubwa! Mjomba simamisha, yule pale!"

Basi likaondoka. Abiria wote wamenigeukia. Na ubavuni kwangu, taratibu, mabega na kichwa kwa pamoja, uso unaong'aa ukageuka ukanitazama. "Niko hapa," ukasema. Nilijikunja dirishani nikafumba macho mpaka Mikumi.

Daktari alikuwa kijana, mwembamba, mwenye kikohozi cha mafua. Nilimwamkia akaitikia huku anavaa glavu. Mama Mkubwa akavua mtandio, akainamisha kichwa bila kuambiwa, kama alivyozoea wateja wake wafanye. Daktari akagawa nywele, akatazama. Akapitisha kidole kwenye nyusi, pembeni ya pua, nyuma ya masikio. Akauliza tumekuwa tukipaka nini. Mjomba akataja vyote, na alipofika kwenye mafuta ya nazi asubuhi na jioni, daktari akatabasamu.

"Mmekuwa mkiufuga," akasema. "Mba wa namna hii unakula mafuta ya ngozi. Ninyi mkawa mnauongezea chakula. Huo nitautibu, kuna shampuu, unaisha kiasi cha kutokusumbua. Ninachotaka kujua ni kitu kingine. Mama, zamani uso wako ulikuwa unatoa mafuta hivi?"

"Hapana."

"Harufu unasikia?"

"Zimepungua."

Akaacha kichwa. Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza, maana nilidhani ameona ni mgomba. Alimwambia anyooshe mikono. Akamwambia agonganishe gumba na kidole cha shahada haraka haraka. Mkono wa kushoto ukafanya, wa kulia ukaanza vizuri kisha ukawa mdogo, mdogo, ukakwama. Akaushika mkono akaukunja na kuunyoosha kiwikoni, ukawa unakwenda kwa kukatakata. Akamwambia atembee hadi mlangoni na kurudi. Tukamsikiliza akiburuta ndala.

Daktari akamgeukia Mjomba, akasema polepole kama anamwambia kitu cha kawaida kabisa. Kwamba watu wengi wana mba na ni mba tu, hakuna cha kuogopa. Ila kwa mtu mzima ukilipuka ghafla, mkali, ukashuka usoni, ukafuatana na haya mengine, mtu asiishie kutazama kichwa. Kuna ugonjwa wa ubongo, akasema, unaitwa Parkinson. Unafanya mwili uwe mzito na mkono utetemeke, unapunguza sauti, na ngozi nayo inatoa mafuta kupita kawaida. "Kwa wengine ngozi inasema mapema, kabla hata ya mkono. Sitasema kwa uhakika mpaka aonwe na bingwa, nitampa barua. Lakini mzee, huyu hajachukuliwa na mtu." Mjomba hakuwa amemwambia habari ya Msowero. Nadhani alikuwa ameshawaona kina sisi wengi. Mjomba alivua kofia akawa anaizungusha vidoleni.

Mambo ya bingwa, vidonge, na ile shampuu ya lami niliyokuwa namwoshea mimi mara mbili kwa juma mpaka ngozi ya kichwa ikarudi laini, yote yalikuja baadaye. Vilimsaidia miaka mingi. Alirudi kusuka, siyo kama zamani, lakini alisuka. Msowero hatukwenda. Lakini ninachokikumbuka zaidi kuliko hivyo vyote ni dakika ile chumbani kwa daktari, mimi nimebanana ukutani, bado sijamwamini mtu. Maana ugonjwa wa ubongo ulikuwa maneno tu kwangu. Hakuna aliyekuwa ameniambia mama yangu yuko wapi.

Daktari akavuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yanakaribiana. "La mwisho, mama. Hebu nichekee kidogo."

Uso ulimtazama. Nje watu walikuwa wanaitwa majina. Hakuna kilichosogea kwenye uso ule, na mimi nilikuwa nimeshajua hakitasogea.

"Usione aibu, mama. Cheka tu."

"Si nacheka," akasema.

Daktari akaligusa shavu lake lililokakamaa. "Unacheka sasa hivi?"

"Ndiyo. Tangu uliposema tunaufuga." Akapumua. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, lakini hakuacha. "Mimi nacheka sana, baba. Huyu mtoto wangu ananichekesha kila siku uani, nacheka mpaka mbavu zinauma. Sema siku hizi yeye amebadilika. Ameacha. Nikimchekea ananitazama tu, kama hanijui. Nimewaza labda amerogwa, sikutaka kumwambia mdogo wangu." Kidole gumba kilikuwa kinasugua, kinasugua. "Ukinimaliza mimi, umtazame na yeye."

Sijui niliondokaje ukutani. Nilijikuta nimesimama katikati ya magoti yake, pale pale ambapo kichwa chake kilikuwa kinakaa katikati ya yangu. Nilimshika mashavu, yananata mafuta, vipande vya mba vinabaki vidoleni mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya migomba nikamtazama machoni. Nikamchekea, meno yote nje, makamasi yananitoka. Uso wake haukutikisika hata kidogo.

Nikangoja. Halafu nikamwuliza, "Umecheka?"

"Sana," akasema.